SOMO: Kuchagua kayaki ya kuvulia na kuifunga vifaa

Wakuu, karibu kila anayeanza kuvua kwa kayaki, yaani kimtumbwi chembamba cha kupiga kafi, huuliza afunge vifaa gani. Swali la kwanza ni utakalia nini, kwenye maji gani, kwa hiyo tuanze hapo.

Hatua ya 1: Maji yako. Kwa bwawa na mto mtulivu, kayaki ya mita 3 inatosha: inageuka upesi kwenye matete na unaibeba mwenyewe. Ziwa kubwa au bahari inataka mita 3.6 kwenda juu, maana urefu ndio unaoifanya ishike njia. Upana unatuliza lakini unakula mwendo. Nyingi za kuvulia zina kati ya sentimita 75 na 90. Ila msidanganywe na tumbo bapa. Kwenye maji yaliyolala utadhani umekaa kwenye mkeka, lakini wimbi la ubavuni likija linaiinua na kuilaza pamoja na wewe.

Hatua ya 2: Ya kukalia juu au ya kuingiza miguu ndani? Kwa uvuvi nasema ya juu. Ina matundu yanayopenya kutoka sitahani (sakafu ya juu unapokaa) hadi chini, maji yakiingia yanatoka yenyewe, na ukipinduka unaweza kupanda tena.

Hatua ya 3: Uzito. Kilo zilizoandikwa ubavuni ni mwisho wa uwezo, si kiwango cha raha. Mimi huhesabu asilimia 70 tu ya hapo: mwili wako, nguo, nanga, betri, maji ya kunywa, na samaki kama Mungu akijalia.

Hatua ya 4: Vya uhai kwanza. Jaketi okozi unalivaa, halikai nyuma ya kiti. Tafuta lenye boya la mgongoni lililopanda juu, lisigombane na egemeo la kiti. Firimbi na kisu vifungwe kwenye jaketi lenyewe. Kafi la sentimita 240 au zaidi, maana kwa kayaki pana kafi fupi litakugonganisha vidole na ubavu. Lifunge kwa kamba. Likiondoka na mkondo, huna usafiri.

Hatua ya 5: Usitoboe bado. Hapa ndipo nilipojifunza kwa hasara. Kayaki yangu ya kwanza niliitoboa siku ileile niliyoileta, nikafunga vishikio viwili vya fimbo za kuvulia mbele ya magoti. Vilipendeza kweli. Majini, kila nikipiga kafi upande wa kulia, linagonga kishikio: ta, ta, ta, mpaka nikarudi. Yale matundu manne nimeyaziba na bado yananitazama.

Kwa hiyo toka nayo mara tatu au nne ikiwa tupu, na kreti la plastiki nyuma ya kiti limebanwa kwa kamba za mpira. Kisha keti, piga kafi kama kawaida, na mwenzako abandike tepu kila mkono unapopita. Kishikio kikae nje ya tepu, ila mahali unapokifikia bila kujipinda.

Wakati wa kutoboa, kwanza hakikisha mkono unafika kwa ndani kupitia tundu lenye kifuniko hapo sitahani, uweze kukaza nati na washa pana (pete bapa inayokaa chini ya nati). Pale mkono usipofika, tumia riveti zinazofunguka ndani. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Plastiki ya kayaki haishikani vizuri na gundi, hivyo usitegemee silikoni peke yake; weka na mpira wa kubana chini ya kifaa.

Hatua ya 6: Nanga. Ya kukunja, kilo 1.5, inatosha kayaki nyingi kwenye maji tulivu. Kamba isipungue mara tatu ya kina, na upepo ukizidi, ongeza. Funga kapi moja omoni (ncha ya mbele) na nyingine tezini (ncha ya nyuma), pitisha kamba ya mzunguko yenye pete, na kamba ya nanga ipite kwenye pete hiyo. Ukiwa umeketi unaivuta pete hadi omo au tezi bila kunyanyuka.

Hatua ya 7: Pinduka makusudi. Karibu na ufuko, bila fimbo, na mtu anakutazama. Igeuze kayaki ikae sawa, shika pande mbili, piga miguu mpaka ulale juu ya maji, jivute kifua kipite katikati, kisha geuka ukae. Rudia mpaka uchoke, halafu rudia ukiwa umechoka.

MASWALI

Mkuu, nina kilo 105, vifaa kama 20. Nimepata kayaki ya kilo 150, inafaa?
Haitoshi, ndugu yangu. Asilimia 70 ya 150 ni 105, yaani wewe peke yako. Tafuta ya kilo 180 kwenda juu.

Matundu ya sitahani yananilowesha makalio. Niyazibe?
Kwenye maji yaliyolala, ziba. Kwenye mawimbi fungua, la sivyo unabeba beseni.

Mtoni naweza kufunga nanga ubavuni, karibu na mkono?
Hapana, dada. Mkondo utausukuma ubavu, kamba itauvuta chini, na utapinduka kabla hujashika kisu. Omo au tezi tu, na uweke boya na klipu kwenye kamba ili uiachie nanga papo hapo, uifuate baadaye. Mkondo ukiwa mkali, usitie nanga kabisa.

Kila nikirudi nakuta maji tumboni mwa kayaki, kama vikombe viwili. Sioni ufa.
Anza na kizibo cha kutolea maji cha tezini, mpira wake huchakaa. Kikiwa kizima, ikaushe nje, mimina lita chache ndani, iinamishe huku na huku juu ya karatasi kavu. Angalia hasa kwenye kingo za yale matundu yanayopenya na chini ya kila skrubu. Karatasi ikilowa, hapo ndipo.