Donati za hamira zenye glezi ya sukari juu, kwa joto letu hili la Dar

Jamani donati laini inaanzia kwenye unga laini. Nalisema mapema maana wengi mkono umezoea maandazi, na unga wa maandazi tunataka usinate kabisa, sasa ukija kwenye donati unaona unanata unaongeza ngano, unanata tena unaongeza, mwisho zinatoka nzito na zikilala tu zimekauka. Unga wa donati unatakiwa unate kidogo vidoleni, uvumilie.

Mahitaji: ngano nusu kilo, hamira ya chenga gramu 7 (vijiko viwili vya chai na robo), sukari gramu 60, chumvi kijiko kimoja cha chai, yai 1, siagi gramu 60, maziwa mililita 250. Iliki ukipenda, mimi naweka. Mafuta ya kukaangia yafike walau nusu ya karai.

1. Maziwa yawe vuguvugu tu, ukitia kidole usishtuke. Hamira ni kitu hai, ikikutana na maziwa ya nyuzi 60 inakufa na hapo hata usubiri mpaka kesho hakiumuki kitu. Kama maziwa yameshakaa nje ya friji, kwa joto letu huna haja ya kuyapasha. Changanya na hamira na sukari kidogo, acha dakika 10, ukiona povu juu endelea, usipoliona hamira imeshakufa, tafuta nyingine.

2. Weka yai, sukari iliyobaki, ngano na chumvi, kanda ishikane ndo uingize siagi kidogo kidogo. Hapo itachafuka na kuteleza, usiogope, endelea kukanda dakika 10 mpaka 12. Kata kipande ukivute taratibu, kikiwa chembamba mpaka unaona mwanga bila kuchanika, tayari.

3. Kuumua, na hapa ndo watu wa Dar tunakosea sana. Risipi nyingi zimeandikwa na watu wa nchi za baridi, zinakwambia acha saa moja na nusu, wewe uko Mbagala mwezi wa pili, jiko dogo, mchana, ukifuata hiyo saa moja na nusu unakuta unga umepitiliza, unanuka pombe, na ukiukaanga unanywea na kunyonya mafuta. Usiangalie saa, angalia unga. Ukishakuwa mara mbili yake toa, kwangu mara nyingi ni dakika 40 hivi, na Juni Julai kukipoa inaongezeka kidogo. Kipindi cha Desemba mpaka Machi amshia hamira kwenye maziwa kidogo ya vuguvugu, yanayobaki yawe ya baridi kabisa, au kanda usiku uufunike uweke kwenye friji mpaka asubuhi, ladha inakuwa nzuri zaidi na unga wa baridi unakatika vizuri.

4. Sukuma unene wa sentimita moja na kidogo, usiwe mwembamba kama wa chapati. Kata kwa glasi, tundu la katikati tumia kizibo cha chupa ya maji. Kila donati ikae kwenye kipande chake cha bekingi pepa (karatasi ya kuokea), ukiinyanyua kwa mkono baada ya kuumuka unatoa hewa yote. Funika, dakika 20 mpaka 30. Bonyeza pembeni kwa kidole, pakirudi taratibu na kubakiza alama kidogo, kaanga. Pakirudi haraka bado.

5. Mafuta yawe nyuzi 175 mpaka 180. Kama huna kipimajoto tupia kale kaduara ka katikati, kaelee na kupata rangi ndani ya dakika moja hivi, kakiungua kabla ya hapo punguza moto. Tumbukiza donati na karatasi yake, itajiachia yenyewe uitoe kwa koleo. Dakika moja kila upande, chache chache, ukijaza karai mafuta yanapoa na donati zinayanywa. Ukiona ule mstari mweupe umezunguka kiunoni ujue zimeumuka vizuri.

6. Glezi: aisingi shuga (ile sukari ya unga) gramu 250, maziwa ya moto vijiko 3 au 4 vya chakula, vanila, na chumvi kiduchu ya kukata utamu. Koroga iwe nzito ila inamwagika. Chovya donati zikiwa bado na joto, sio za moto sana maana glezi yote itachuruzika, weka kwenye waya wa kupozea. Hewa yetu ina unyevu kwa hiyo inachelewa kukauka, washa feni. Na usizifungie kwenye kontena zikiwa na joto, zitatoa jasho na glezi itayeyuka yote.

Zinanoga siku hiyo hiyo. Kama unatengenezea wageni wa kesho, zigandishe kwenye friza bila glezi, asubuhi ziache ziyeyuke, zipashe kidogo ndo upake.