Kabla ya kumfuata dalali, fungua ramani

Ndugu zangu mnaotafuta fremu ya duka au kiwanja hapa Mwanza, anzeni na Google Earth. Tafuta mtaa unaoutaka, kisha bonyeza alama ya saa, inakuletea picha za satelaiti za miaka ya nyuma. Linganisha ya zamani na ya karibuni. Mabati mapya hung'aa, hayajifichi. Nilipopita Buhongwa hivyo, paa kwa paa, nikaona nyumba zinasogea ndani huku maduka yamebanana kando ya barabara ya Shinyanga. Huko ndani ndiko waliko watu wanaotembea mbali kufuata sukari na vocha.

Tazama pia vijia vya udongo. Vinapokutana vitatu au vinne, hapo ndipo watu wanapopita kwa miguu kila siku, na hapo panafaa genge, saluni, hata wakala wa fedha. Kijivu chenye vivuli ni majabali yetu; kiwanja cha hapo kitakula hela nyingi kabla hujaweka msingi. Ukiwa karibu na ziwa, tumia rula ya humo humo: Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo usikubali kuuziwa ndani yake hata kwa bei ya kutupa.

Maji na umeme ramani haikuambii. Ukishabaki na mitaa miwili, nenda saa kumi na mbili jioni, kaa na vijana wa bodaboda, uone abiria wa daladala wanashukia wapi.