Kabla hujaiamini Ktrans, uliza HB ya mgonjwa

Mama mmoja kutoka Rombo alikuja kwetu Moshi na uvimbe kwenye shingo ya kizazi. Damu ilikuwa imemtoka miezi, HB (himoglobini, wingi wa damu) 9. Kijana wa mafunzo akanionyesha jibu la MRI: Ktrans, yaani kasi ya dawa ya picha kutoka damuni kuingia kwenye uvimbe, 0.15 kwa dakika. Nikamwuliza, "Hematokriti, ile sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, umeweka ngapi?" "Iliyokuwemo, kaka." Iliyokuwemo kwenye programu ni 0.45, ya mwanamume mwenye afya zake.

HB 9 ni hematokriti ya kama 0.27. Gadolini, dawa ya kung'arisha picha ya MRI, haiingii kwenye chembe nyekundu, inakaa kwenye plazma tu, kwa hiyo kipimo cha dawa kwenye damu ya ateri tunakigawa kwa sehemu ya plazma. Yeye aligawa kwa 0.55 badala ya 0.73. Plazma ikaonekana imejaa dawa kuliko ilivyokuwa, na uvimbe ukaonekana unavuta kidogo. Zidisha 0.15 kwa 0.73, gawa kwa 0.55, unapata 0.20. Robo nzima ilipotea, na ve, sehemu ya tishu iliyo nje ya seli na mishipa ambako dawa inaingia, nayo hivyo hivyo. Mchoro wa modeli ya Tofts, hesabu inayotupa Ktrans na ve, ulipita juu ya nukta vizuri kabisa, kwa hiyo usikudanganye.

Basi omba HB ya karibuni kabla mgonjwa hajalala mezani. Na mpime uzito mwenyewe; ukimwuliza atakutajia ule wa kliniki ya mtoto wake wa mwisho. Dozi ni milimoli 0.1 kwa kilo. Kwa dawa ya milimoli 0.5 kwa mililita, mtu wa kilo 60 anapata mililita 12. Sukuma kwa pampu, mililita 2 hadi 4 kwa sekunde, ufuatishe 20 za maji ya chumvi.

T1 ya kabla ya dawa, yaani muda wa tishu kurudi kwenye hali yake baada ya mpigo wa redio, pima, usikisie. Ukitumia njia ya kubadilisha pembe ya mpigo wa redio, piga pia ramani ya B1, inayoonyesha nguvu halisi ya mpigo huo, hasa kwenye mashine ya Tesla 3: pembe ikikosea asilimia 10, T1 inakosea karibu 20.

Anza kupiga picha mfululizo kabla ya sindano, upate kadhaa zisizo na dawa, kisha picha moja kila sekunde chache. Ukichelewa, kilele cha ateri kinakupita, plazma inaonekana haba na Ktrans inapanda bila sababu.

Ateri ya nyonga ichukue chini kidogo, katikati ya eneo la picha. Kule juu damu inaingia ikiwa bado haijapigwa mipigo ya kutosha, inang'aa hata kabla ya dawa. Kingo za mshipa ziache.

Mwisho tazama ve. Ni sehemu ya tishu, haiwezi kuzidi 1. Ukiona 1.3 usitume ripoti. Rudi kwenye ateri na T1.