Kusoma kwa kalenda: namna ya kufuatilia maandishi ya biashara, habari na uongozi ukiwa Arusha au Moshi

Mfanyabiashara wa Arusha au Moshi hapungukiwi na vitu vya kusoma. Kabla hajamaliza chai ya asubuhi, simu yake imekwisha kupokea picha za kurasa za mbele za magazeti, nukuu za uongozi zisizo na chanzo, na makala ndefu iliyosambazwa na mtu ambaye huenda hata yeye hakuisoma. Anachokosa ni mpangilio. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio mmoja tu: badala ya kukimbizana na habari jinsi zinavyoingia, zifahamu tarehe ambazo nyaraka zenyewe hutoka, uzisubiri, na uzisome wewe mwenyewe kabla hujasoma yanayosemwa juu yake.

Kazi ya kwanza ni kuandika maamuzi makubwa unayotarajia kuyafanya ndani ya mwaka. Mwenye kampuni ya utalii mjini Arusha atapanga bei za msimu wa Julai hadi Oktoba na kuamua kama akope ili kuongeza gari. Mjumbe wa bodi ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) ya Kibosho au Machame ataamua namna ya kuuza kahawa ya wanachama na kiasi cha kuwalipa kama malipo ya awali. Mwenye duka la jumla karibu na soko la Kilombero anataka kujua kama kodi ya bidhaa zake itabadilika. Orodha hiyo ndiyo chujio lako. Makala isiyogusa lolote kati ya hayo unaweza kuisoma kwa starehe jioni, lakini usiihesabu kuwa ni kazi na usiionee haya kuiacha katikati.

Kalenda yenyewe si ngumu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mfumuko wa bei kila mwezi, na Benki Kuu ya Tanzania hutoa tathmini ya uchumi ya kila mwezi. Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu hutangaza Riba ya Benki Kuu kila robo mwaka, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Benki za biashara huchapisha taarifa zao za fedha magazetini baada ya kila robo mwaka kwisha. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani bungeni mwezi Aprili. Mwezi Juni, siku moja, Bunge husomewa asubuhi hotuba ya Hali ya Uchumi wa Taifa na jioni bajeti ya Serikali, kisha Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai. Ziweke tarehe hizi kwenye simu kama unavyoweka siku ya kulipa pango, na utashangaa jinsi kelele za katikati zinavyopoteza nguvu ukijua waraka wenyewe unatoka lini.

Tuchukue mfano wa riba, kwa sababu ndipo wasomaji wengi hupotoshwa na kichwa cha habari. Mfumo wa Riba ya Benki Kuu ulianza Januari 2024 kwa asilimia 5.5. Aprili mwaka huo riba ilipandishwa hadi asilimia 6, na Julai 2025 ikashushwa hadi asilimia 5.75. Aliyesoma kichwa cha habari peke yake aliweza kudhani kwamba mkopo wake wa gari utashuka wiki inayofuata, ilhali riba hiyo huongoza kwanza soko la benki kukopeshana zenyewe kwa zenyewe, na riba anayotozwa mteja wa kawaida imekaa karibu na asilimia 15 kwa muda mrefu bila kutikisika sana. Taarifa ya Kamati hutolewa pia kwa Kiswahili na si ndefu. Ndani yake tafuta sababu za uamuzi kabla ya tarakimu ya uamuzi: Kamati inasema nini kuhusu mfumuko wa bei, thamani ya shilingi na akiba ya fedha za kigeni? Anayeuza safari kwa dola na kulipa mishahara kwa shilingi atafaidika zaidi na aya ya thamani ya shilingi kuliko na riba iliyobeba kichwa cha habari.

Kwa upande wa Moshi, kahawa inataka uangalifu wa aina yake. Bei ya arabika hupangwa katika soko la New York kwa senti za Marekani kwa ratili, na ya robusta katika soko la London kwa dola kwa tani. Kahawa ya Kilimanjaro na Meru ni arabika, na ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, hivyo gazeti linaloandika kwamba “bei ya kahawa duniani imepanda” bila kutaja aina halijamsaidia mkulima wa upande wowote. Februari 2025 arabika ilipita senti 400 kwa ratili. Ili tarakimu hiyo iwe na maana mezani kwa chama, igeuze: ratili moja ni gramu 453.6, kwa hiyo kilo moja ina ratili 2.2 na kitu, na senti 400 zinakuwa takriban dola 8.80 kwa kilo, au dola 441 kwa kilo 50. Hapo sasa unaweza kuilinganisha na bei za mnada wa Moshi, ambazo hutajwa kwa dola kwa kilo 50. Kumbuka kwamba bei hiyo ni ya kahawa safi iliyokwisha kukobolewa. Mkulima anapeleka kahawa kavu ikiwa bado na ganda lake, na takriban sehemu moja kati ya tano ya uzito huo hubaki kinuni. Yapo pia malipo ya kukoboa, usafiri na makato ya chama. Mjumbe wa bodi anayeweza kuifanya hesabu hii ubaoni mbele ya wanachama amefanya kazi ya uongozi ambayo semina nyingi hazifundishi.

Taarifa za fedha za benki ni hazina nyingine inayopitwa na macho. Nusu ukurasa wa gazeti umejaa tarakimu ndogo ndogo, na msomaji hugeuza ukurasa kwenda kwenye michezo. Usigeuze. Huna haja ya kuisoma yote. Tafuta mistari minne. Mstari wa amana unaonyesha kama wateja wanaongezeka. Mstari wa mikopo unaonyesha kama benki inakopesha au inakalia fedha. Uwiano wa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ambao Benki Kuu inataka usizidi asilimia 5, unaonyesha kama wakopaji wanalipa. Mwisho tazama faida kabla ya kodi, lakini ulinganishe na kipindi kama hicho cha mwaka uliopita, kwa kuwa robo ya mwisho na robo ya kwanza hazifanani hata kidogo kwa benki inayowakopesha wakulima. Ukifanya hivyo kwa benki yako na nyingine mbili kwa mwaka mzima, siku ya kuomba mkopo utazungumza na meneja wa tawi kwa lugha anayoielewa.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zinastahili mchana mzima, si kwa kuzisoma zote, maana ni majuzuu kadhaa, bali kwa kufungua ya Serikali za Mitaa na kutafuta jina la halmashauri yako: Jiji la Arusha, Manispaa ya Moshi, Meru, Hai. Kuna kosa la kusoma ambalo hata waandishi wa habari hulirudia. Hati inayoridhisha, au hati safi, haimaanishi kwamba hakuna fedha iliyopotea. Inamaanisha kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi katika mambo ya msingi. Halmashauri inaweza kupata hati safi na papo hapo ikawa na kurasa za hoja za ukaguzi kuhusu mapato yasiyopelekwa benki au mikataba iliyocheleweshwa. Mzabuni anayeidai halmashauri asome hoja zenyewe, kwa sababu ndizo zitakazomwambia kama atalipwa kwa wakati.

Baada ya nyaraka ndipo magazeti yanapata nafasi yake, na nafasi hiyo ni kubwa: yanakuambia nani amekasirika, nani anashindana na nani, na jambo gani halikuandikwa kwenye waraka. Lakini jua kwanza gazeti ni la nani. Daily News na HabariLeo ni ya kampuni ya Serikali, Uhuru ni la chama tawala, Mwananchi na The Citizen hutolewa na Mwananchi Communications, na Nipashe na The Guardian ni ya kundi la IPP, lililoanzishwa na Reginald Mengi, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyefariki mwaka 2019. Kujua mmiliki si sababu ya kulikataa gazeti. Kunakusaidia kujua habari ipi itapewa ukurasa wa mbele na ipi itafichwa ndani. Habari moja ya bajeti isome katika magazeti mawili ya wamiliki tofauti, kisha tazama kila moja limemhoji nani. Tenganisha pia habari, tahariri na tangazo la kulipiwa. Makala inayoisifu kampuni moja kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila sauti ya mshindani wala ya mteja, ihesabu kuwa tangazo hata kama haikuandikwa hivyo.

Zile nakala za magazeti zinazozungushwa bure kwenye makundi ya WhatsApp ningeshauri uachane nazo. Ni jasho la watu, na pia hukuzoesha kusoma vichwa vya habari tu, kama wale wanaosimama mbele ya meza ya muuza magazeti na kuondoka bila kununua. Nunua gazeti moja la Kiswahili na moja la ukanda huu kwa wiki. The EastAfrican, linalotoka kila wiki tangu 1994, linawafaa hasa wa Arusha, kwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa na maamuzi ya forodha yanayojadiliwa humo hufika Namanga muda si mrefu. Mengine yasome Maktaba ya Mkoa.

Kuhusu uongozi nitakuwa mkali kidogo. Sehemu kubwa ya kinachouzwa kwa jina hilo ni maneno matamu yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa mbali, na nukuu nyingi zinazosambazwa kwa jina la Mwalimu Nyerere hazionyeshi alizisema lini wala wapi. Ukitaka kujifunza uongozi, wasome waliowahi kuamua. Marais Ali Hassan Mwinyi na Benjamin Mkapa waliacha tawasifu zao, na faida yake huonekana ukizisoma pamoja na Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, ambazo zipo kwa Kiswahili kwenye tovuti ya Bunge. Chukua ubinafsishaji wa benki: mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa na benki ya NMB ikazaliwa. Linganisha anavyolieleza jambo hilo kiongozi aliyeliamua na walivyolipinga wabunge siku zile. Kiongozi anayejieleza mwenyewe huwa na haki yake, ila haki hiyo haitoshi.

Moshi ina shule yake ya uongozi isiyohitaji kuagizwa kutoka nje. Chama cha wakulima wazawa wa kahawa kilianzishwa Kilimanjaro mwaka 1925, chama kikuu cha ushirika cha KNCU kikafuata mwaka 1933, na mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchini kabla ya kuviruhusu tena miaka ya 1980. Historia hiyo imeandikwa sana, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ni mahali pazuri pa kuanzia. Aliye kwenye bodi ya SACCOS (chama cha akiba na mikopo) aanze karibu zaidi: kabrasha la mkutano mkuu uliopita. Asome muhtasari, hesabu zilizokaguliwa, makisio ya mapato na matumizi, na ukomo wa madeni ulioidhinishwa, kisha aulize kama chama kilikopa ndani ya ukomo huo. Wajumbe wengi hupewa kabrasha asubuhi ya mkutano. Lidai wiki moja kabla.

Kwa utaratibu wa wiki, saa mbili zilizotengwa zinatosha, kwa mfano Jumamosi asubuhi kabla mji haujachangamka. Pakua nyaraka ukiwa kwenye intaneti ya ofisi ili kuokoa bando, na uzihifadhi kwa jina linaloanza na mwaka na mwezi. Kwenye daftari andika mambo matatu kwa kila ulichosoma: kinasema nini, kinagusa uamuzi upi, na nitakihakiki lini. Hilo la tatu ndilo lenye thamani zaidi, kwa sababu baada ya miezi sita utajua ni mwandishi gani na gazeti gani lililokuambia kweli. Kila mwisho wa robo mwaka pitia daftari, jitoe kwenye kundi au jarida ambalo halikuzaa hata mstari mmoja, na fedha ya usajili wake ipeleke kwenye lile uliloliandika mara nyingi zaidi.