Jinsi ya kuwafanya wenzako wakwambie ukweli kuhusu rili yako

Sisi wa Pwani tumelelewa tusimwaibishe mtu. Ukimwonyesha mwenzako rili yako ya kazi, ile video fupi ya kuombea kibarua, atasema "mashallah, kazi safi", atakurudishia simu, na mazungumzo yatahamia kwingine. Hana nia mbaya. Lakini mtayarishaji anayetafuta mpiga picha wa tangazo la hoteli kule Diani hana muda wa kukustahi: akichoka sekunde ya 12 anafunga, na hutajua kwa nini simu haikulia. Afadhali uambiwe na mwenzako mapema, na atakwambia kama utamuuliza vizuri.

Usiulize "umeionaje?" Swali hilo lina jibu moja tu. Mimi huuliza, "Ukilazimishwa kutoa shoti 3, utatoa zipi?" Hapo hakutukani, maana wewe ndiye uliyemlazimisha. Kisha nauliza macho yake yalitoka kwenye skrini sekunde ya ngapi. Aandike sekunde na neno moja tu wakati anatazama: 0:07 giza, 0:31 ndefu, 0:44 nimeshaiona. Maelezo yaje baadaye.

Watu 3 wanatosha: mpiga picha kama wewe, mhariri, na mtu anayeongoza au kuajiri. Mpiga picha ataona mwanga na lenzi. Mhariri ataona jambo tunalolipita sote, kwamba kamera inaondoka kabla tendo halijakwisha, na yeye hana pa kukatia. Mwongozaji atauliza ulikuwa unasimulia nini. Mama na shemeji waonyeshe ikishakamilika.

Rili isizidi dakika 1 na nusu. Waitazame mara ya kwanza na muziki, mara ya pili bila sauti kabisa, kwa sababu muziki mzuri hubeba shoti dhaifu. Halafu iwekeni kwenye simu, mkiwa nje juani, maana wengi wataitazamia hapo. Na wewe, tafadhali, nyamaza. "Hapo upepo ulikuwa mkali", "hapo mteja ndiye alitaka hivyo". Hayo mtayarishaji hatayasikia, basi na wenzako wasiyasikie.

Mwenzangu mmoja wa Kisauni aliniletea yake niitazame. Ilifunguka na feri ya Likoni alfajiri, zikaja Pembe za Moi Avenue, zile sanamu za pembe za ndovu, ikaja Fort Jesus jua likitua, likapita jahazi. Zote safi. Lakini mahali hapo ni pazuri hata kwa aliyepiga kwa simu, kwa hivyo mtazamaji anaiona Mombasa bila kumwona mpiga picha. Nikaandika "nimeshaiona" mara 4 mfululizo. Kufika sekunde ya 38 nikasimamisha. Mama anageuza viazi karai usiku, taa moja juu ya kichwa chake kwa ubavuni, mvuke unapanda. Shavu moja limeng'aa, la pili limo kivulini, ila jicho la upande wa giza bado unaliona. Hiyo haikumjia kwa bahati. Mtu alisogea hatua mbili, akasubiri mvuke, akakataa kuongeza taa nyingine. Nikamwambia, "Kaka, anza na huyu mama. Feri toa." Kukosoa vizuri ni pamoja na kumwonyesha mtu kilicho chake, kwani mara nyingi mwenyewe amekizoea hakioni tena.

Kuna mambo ya huku kwetu ambayo lazima umwombe mkosoaji ayatafute kwa makusudi. La kwanza ni nyuso. Jua la saa saba, ukuta uliopakwa chokaa, bwana harusi amevaa kanzu nyeupe: kamera ikiachiwa ijipimie mwanga, kanzu itaokolewa na uso utapotea. Asimamishe kwenye kila uso aseme kama anayaona macho. La pili ni taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ukipiga fremu 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/60 chini ya taa za namna hiyo, unaweza kupata michirizi inayopita ukutani. Kwenye skrini ndogo ya kamera huioni. Kwenye televisheni ya mwenzako inaonekana wazi. Fremu 25 na shata ya 1/50 hukuepusha na hayo. La tatu ni bahari: mstari wa upeo ukilala upande hata kidogo, kila mtu anauona.

Sasa, si kila maoni ni ya kutii. Watu wawili wakilalamikia sekunde ileile bila kuambizana, shoti hiyo toa, hata kama uliipandia juu ya paa. Akisema mmoja tu, pima. "Ningetumia lenzi pana" ni mapendeleo yake. "Sikuuona uso" si mapendeleo.

Na usikimbilie udhuru hata ukiwa wa haki. Mimi hupiga harusi za wanawake, kupamba na shughuli za ndani, ambako simu huachwa mlangoni. Picha zile ni amana ya familia. Haziingii kwenye rili, wala sizionyeshi kwa mkosoaji hata kwa dakika moja. Mwongozaji mmoja akaniuliza, "Dadangu, yote ni mchana. Usiku, ndani, huwezi?" Kwa alichokiona, alikuwa sahihi. Nikamwomba binamu yangu akae kwenye chumba cha nyumba ya zamani huko Mji wa Kale, pazia zimefungwa, taa moja nimeielekeza ukutani ili mwanga umrudie usoni kwa ulaini, anajifunga mkufu mbele ya kioo. Picha hiyo ni yangu na ameniridhia. Mwongozaji alipoitazama, swali lake likawa nilitumia taa gani.

Mwisho, waombe wakague ukweli wa kazi yenyewe. Kama ulikuwa kamera ya pili, iandikwe hivyo. Kama droni ilirushwa na mwenzako, mtaje jina au toa shoti hiyo, kwa sababu wapiga picha wa Mombasa tunajuana, na huenda mwenye droni ndiye mtu wa kwanza utakayemtumia rili yako aikosoe.