Unga chini ya kasha: usiupanguse kwanza

Ukiwa na kasha la bibi, au mlango wa nakshi kama ile ya Mji wa Kale wa Mombasa, ukakuta unga wa mbao sakafuni, usikimbilie mafuta ya taa kuua wadudu. Yanatia doa, hayafiki ndani kabisa ya mbao, na moto je?

Utazame kwanza. Unga laini kama wa ngano, na vitundu vya mviringo, ni dudu linalobungua mbao. Chembe ngumu kama mbegu za mchicha ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, asiyehitaji udongo kabisa. Vijia vya tope ukutani ni mchwa wa ardhini. Ukiviona, mwite fundi.

Kisha fanya wanavyofanya watu wa makumbusho: fagia, tandika karatasi nyeusi chini, andika tarehe. Unga mpya ukirudi baada ya wiki chache, huenda wadudu bado wamo, ingawa kutikisa kasha tu huangusha unga wa zamani. Mimi nilishawahi kutibu tundu tupu, hasara tupu.

Kanga za zamani na vitabu vilivyoingia nondo au wadudu havitaki dawa. Funga kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukitoa, acha mfuko umefungwa siku nzima. Kwa joto hili letu la pwani, ukiufungua mapema kitambaa kitalowa. Kasha lenye njumu za shaba usiligandishe.