Vibua na mbaazi, jamani

Ukishuka sokoni hapa Lamu usiwapite samaki hawa vibua eti kwa kuwa ni wa bei nafuu. Wana mafuta ya omega-3, ambayo ubongo na moyo huyahitaji. Wachome au wapike mchuzi wa ukwaju; ukiwazamisha kwenye mafuta ya kukaangia, unapunguza faida yake.

Asubuhi nayo, mahamri matupu na chai ya sukari nyingi hayakufikishi mbali: saa nne ushachoka, huna raha, kila neno lakuudhi. Roweka mbaazi usiku, asubuhi chemsha mpaka ukiibonya moja kwa vidole ipondeke, kisha tia tui jepesi. Nyuzinyuzi na protini zake huifanya sukari iingie kwenye damu polepole. Hamri moja pembeni linatosha, hasa kwa watoto wanaokwenda chuoni, yaani madrasa.